Siku Mami Alipouona Ulimi wa Kipepeo

Mami alifundisha sayansi katika shule moja ya msingi kule Theta hadi akastaafu, na kuna nyumba nyingi za majirani ambamo alimfundisha mama, kisha miaka ikapita akaja kuwafundisha watoto wake. Mimi pia nilikaa darasani mwake. Nyumbani nilimwita Mami, shuleni nilimwita Mwalimu, na nikichanganya hayo mawili darasa zima lilicheka.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la wadudu. Likifika, alifuta ubao wote, akachukua chaki na kuchora kichwa cha kipepeo kikubwa kama sinia: macho mawili ya mviringo, vipapasio viwili juu, na chini ya uso ule mrija uliojikunja kama springi ya saa. Halafu aligeuka kututazama.

"Kipepeo anatafuna?"

"Hapana, Mwalimu!"

"Ana meno?"

"Hana, Mwalimu!"

"Sasa anakula vipi?"

Sote tulichongoa midomo na kufyonza hewa kwa kelele, kama watoto wanaomalizia soda chini ya chupa. Mwaka mzima hakuturuhusu kupiga kelele nyingine darasani ila hiyo.

Alipostaafu, siku moja tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba tukitoa maharagwe kwenye maganda, nilimuuliza kama mrija ule aliwahi kuuona kwa macho yake.

"Nilikuwa nauona kitabuni."

"Lakini kwa kipepeo mwenyewe?"

Akacheka. "Na darasa lile lilivyojaa, ni kipepeo gani angenisubiri? Nilisema nikistaafu nitakaa chini, nimtazame mmoja anywe mpaka ashibe."

Ndiyo hivyo. Ila alipopata nafasi ya kukaa chini, macho yalikuwa yameanza kumwacha.

Yalimwacha polepole, kwa namna ambayo hata yeye alichelewa kuikubali. Kwanza alilalamika kwamba taa za siku hizi ni dhaifu. Kisha akasema wanaochapisha Biblia wamekuwa wachoyo, wanapunguza wino. Baadaye akatia chumvi kwenye chai mbele ya wageni wa kanisa, akainywa yote bila kusema neno ili isijulikane ni kosa. Mboni za macho yake zikawa na utando mweupe, kama dirisha la jikoni lililoshika mvuke. Sote tulijua ni mtoto wa jicho. Kwenye kliniki moja ya macho kule Thika walimpima wakasema hivyo hivyo, na wakasema utando huo unatolewa, tena si kazi kubwa. Yeye akasema atafikiria, akarudi nyumbani, akafikiria mpaka tukachoka kuuliza.

Mimi naishi Ruiru. Nashona mapazia, nina duka dogo lenye cherehani na meza ndefu ya kukatia. Mami anaishi kwenye shamba letu Theta pamoja na kaka yangu na mkewe, ambaye mimi namwita wifi. Kila Jumamosi nilikuwa nafunga duka mapema niende kumwona, na kila Jumamosi nilimkuta ameketi mahali pamoja, nyuma ya nyumba, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlimau. Alinitambua kwa mwendo.

"Maitu, umekuja."

Aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Kwake mimi ni binti na mama kwa pamoja, na hilo nalo alilitumia vizuri alipotaka nimpikie kitu.

Kilichomzuia asifanyiwe upasuaji hakikuwa siri. Jirani yetu, mama mmoja anayesali na Mami na ambaye ni rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa amemletea habari. Nilikuwepo aliposema.

"Mwalimu, mimi sitaki kukutisha. Lakini kuna mtu wa huko kwetu alienda na jicho moja likiona kidogo, na akarudi hata hilo hana."

"Unaona?" Mami akaniambia. "Haka kidogo nilikobaki nako kananitosha. Najua mlango uko wapi, najua choo kiko wapi. Niacheni."

Nilijaribu kumweleza kwamba huyo mtu huenda alikuwa na ugonjwa mwingine. Kaka yangu alijaribu. Mchungaji pia alijaribu. Mami alikuwa na njia yake ya kumaliza mazungumzo: alianza kuuliza habari za mifugo.

Basi Jumamosi moja wifi alinipokea akiwa amebeba pampu ya kunyunyizia dawa mgongoni. Mlimau ulikuwa umeliwa vibaya. Majani ya juu yalikuwa yamebakiwa na mshipa wa katikati tu, na juu ya yaliyosalia walikuwa wamelala viwavi, baadhi wadogo wenye rangi ya kinyesi cha ndege, wengine wakubwa, wanono, kijani kibichi.

"Leo hawa ni wa kwisha," wifi akasema.

"Ni nini?" Mami akauliza kutoka kwenye kiti.

"Ni wadudu, Mami. Wamemaliza limau."

"Wadudu wa aina gani? Maitu, hebu niambie. Wanafananaje?"

Nikainama nikaeleza. Kijani, wanene kama kidole changu cha mwisho, wana mistari ya kahawia ubavuni. Nilimgusa mmoja kwa kijiti, na papo hapo kutoka nyuma ya kichwa chake ikachomoza pembe laini ya rangi ya chungwa, imegawanyika mara mbili, na harufu kali kama ya machungwa yaliyooza ikanipiga puani. Niliruka nyuma. Mami aliisikia harufu ile akapiga makofi mapajani.

"Hao ni watoto wa kipepeo! Yule mkubwa mweusi mwenye madoadoa ya manjano. Wifi yako aweke hiyo pampu chini."

"Mami, na limau je?" wifi akauliza.

"Limau litachipua. Mmoja wa hao anakula vipi? Tazama mdomo wake uniambie."

Nilipiga magoti kwenye udongo na nguo yangu ya Jumamosi. Sikuwa nimemtazama kiwavi tangu darasa la tano. Alikuwa ameshika ukingo wa jani katikati ya miguu yake, na kichwa kinashuka kutoka juu hadi chini, kinapanda, kinashuka tena, na kila kikishuka jani linapungua kwa mstari uliopinda.

"Anakata kama mkasi," nikasema. "Kutoka pembeni."

"Hizo ni taya. Sasa sikiliza ajabu yake." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa ile ya ubaoni. "Huyo akiingia kwenye pupa, lile ganda lake la kulalia, hizo taya zinaisha. Anatoka huko hana kitu cha kutafunia kabisa. Anatoka na mrija. Ni kama wewe ulale na meno, uamke na mkonga."

Wifi alitua pampu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu zilikuwa na kazi. Mami aliuliza, mimi nikatazama. Nilileta kipande cha neti ya pazia kutoka dukani nikafunika matawi mawili ili ndege wasiwale viwavi. Nilimwambia walivyoacha kula, walivyojifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba kiunoni kama mtu anayepanda mnazi, walivyokauka wakawa pupa. Na vipepeo waliokuwa wamekwisha kutoka kabla sijaweka neti walizunguka maua ya lantana kwenye ukingo wa shamba, na huko pia alinituma.

"Amesimama juu ya ua?"

"Amesimama lakini mabawa hayatulii. Anapepea tu."

"Huyo ndivyo alivyo, hatulii hata akinywa. Mrija umetoka?"

"Umetoka. Ni mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ameuingiza kwenye kile kitundu cha katikati... ameutoa, ameuingiza kwa kingine. Kila ua dogo analijaribu."

"Anakanyaga kwanza?"

"Ndiyo."

"Anaonja kwa miguu. Akiona pana utamu ndiyo anaukunjua."

Alikuwa anajua kila kitu na haoni chochote. Nilifikiri nimsaidie. Nilinunua lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, nikarekodi kipepeo akinywa, karibu sana, mrija ukionekana wazi kama waya. Nilikuja mbio nikamshikia simu mbele ya uso.

"Mami, ndiye huyu! Unaona?"

Alisogeza uso, akaurudisha nyuma, akaugeuza upande. Niliongeza mwanga wa simu hadi mwisho.

"Naona weupe," akasema.

"Hapa katikati, hiki cheusi..."

"Nimekuambia naona weupe!" Akausukuma mkono wangu. Kisha kwa sauti ya chini akauliza kama ng'ombe ameshakamuliwa.

Niliitia simu mfukoni. Sikuleta tena video.

Kilichobadilisha mambo hakikupangwa na mtu yeyote. Ulikuwa msimu wa ndizi, na ndizi za shambani zilikuwa zimeiva zote kwa pamoja, nyingine zimepitiliza, ganda limekuwa jeusi na ndani ni uji. Mami alipenda kuzimenya mwenyewe kwa sababu ni kazi ya mikono tu. Alikuwa na beseni mapajani, anatenga nzuri za kula na mbovu za nguruwe, mikono yote miwili imelowa utomvu mtamu hadi kwenye vifundo. Mimi nilikuwa kando yake naosha sahani.

Akaja kipepeo ambaye si wa mlimau. Mkubwa, wa kahawia, mwili mnene, mabawa ya nyuma yana vikia viwili. Aina hiyo haisumbuki na maua. Hupenda matunda yaliyooza, na ikikuta chakula haiogopi mtu. Alizunguka beseni, akapita mbele ya uso wa Mami, akatua juu ya mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kidole gumba.

Mami akaganda.

"Ni nini hicho?"

"Usitingishike. Ni kipepeo."

"Kwangu?"

"Kwa mkono wako."

Alishusha pumzi polepole. Kipepeo alitembea hatua chache juu ya ngozi yake, akafunga mabawa, na nikaona mrija ukishuka. Haukuwa mrefu kama wa wale weusi. Ulikuwa mfupi na mnene, na ncha yake ikaanza kupapasa katikati ya mikunjo ya ngozi, palipokuwa na ile ndizi iliyolowa.

"Maitu." Alinong'ona. "Maitu, ananigusa. Ni kama... ni kama brashi ndogo. Sasa amesogea."

"Anafyonza. Anafuata mkunjo wa ngozi yako, anaenda nao mpaka mwisho, anarudi. Hapo, umesikia?"

"Nimesikia."

"Anakunywa kwako, Mami."

Alikuwa ameinamisha kichwa kabisa juu ya mkono wake, uso karibu uguse yale mabawa, macho yamefunguka kwa nguvu zote. Aligeuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto, akitafuta upenyo katika ule weupe. Kipepeo hakujali. Alikunywa kwa raha zake kama mtu aliyekaa hotelini.

Alipoondoka, Mami alibaki ameunyoosha mkono vilevile. Chozi lilikuwa limefika kidevuni.

"Kitu nilichokifundisha maisha yangu yote," akasema, "kimekuja chenyewe kikanishika mkono, na sikukiona."

Nilichukua beseni kutoka mapajani mwake, nikamfuta mikono kwa kitambaa chenye maji. Nilimaliza mkono wa kwanza, nikashika wa pili. Kisha akasema, kwa sauti kavu ya mtu anayeulizia bei ya viazi:

"Hiyo kliniki ya Thika. Bado wanapokea watu?"

Walikuwa wanapokea. Jirani yake alipopata habari alikuja na uso wa msiba, akakaa, akashika magoti.

"Mwalimu, umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria. Wewe niombee, na ukiomba usinikumbushe yule mtu wa kwenu."

Siku yenyewe nilimpeleka mimi. Alivaa gauni lake la kanisani na sweta ya buluu, kwa sababu alisema haendi kukatwa jicho akiwa amevaa kama mtu aliyeshindwa. Muuguzi aliyetupokea alikuwa msichana mdogo, mchangamfu, anayeongea bila kupumua, akamwita Mami cucu, yaani bibi.

"Sasa cucu! Uko fiti? Usiogope. Utakuwa macho, lakini hutasikia uchungu. Ukisikia maji baridi kwa jicho, ujue ni sisi."

"Mnatoa lenzi yangu mnaweka nyingine?"

"Ndiyo, cucu."

"Hiyo nyingine inaingia vipi na nimeambiwa mnapasua padogo?"

Muuguzi akanitazama, akamtazama Mami, akatabasamu. "Inakuja imekunjwa. Ikifika ndani inajikunjua yenyewe."

Mami aligeuza uso upande wangu. Niliona kona ya mdomo wake ikicheza, na nikajua anaufikiria ule mrija, maana na mimi nilikuwa naufikiria huo huo. Aliinuka akamshika muuguzi mkono, wakaingia.

Nilikaa kwenye benchi. Nilisoma mabango yote ya ukutani, nikayasoma tena. Ukweli ni kwamba yule mtu wa kwao jirani alikuwa amenikalia kichwani mimi pia. Mlango ulipofunguliwa Mami alitoka ameshikiliwa, jicho moja limefunikwa kwa pamba na plasta, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kuna chai?"

Kesho yake tulirudi kutolewa plasta. Daktari aliibandua taratibu, akamfuta, akamwambia afungue. Mami alifungua. Alipepesa. Alitazama mbele yake, ukutani, ambapo palikuwa na karatasi ya herufi, akaanza kuzisoma kwa sauti bila kuulizwa, kutoka juu, mstari baada ya mstari, kama mtoto anayetaka sifa. Alipofika zile ndogo akakwama, akazikasirikia. Kisha akageuka kunitazama.

Alinitazama kwa muda.

"Ngai! Mungu wangu," akasema. "Maitu, umezeeka!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka na kulia pamoja, na muuguzi akanipa karatasi ya kujifuta.

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Alipita kando ya nyumba, akasimama mwisho wa shamba, mkono juu ya paji la uso, akiwa amevaa ile miwani nyeusi kubwa aliyopewa. Mbele, ng'ambo ya mashamba, ulikuwa umekaa mlima wa Kilimambogo, wa buluu, ukingo wake umechongeka.

"Kumbe bado uko pale," akauambia.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Jicho jipya liliona mbali vizuri sana, ila vitu vya karibu vilimtoka. Aliwaona vipepeo wakiruka juu ya lantana, aliona rangi zao, alinionyesha mmoja ambaye mimi sikumwona. Akisogea kutazama mrija, uliyeyuka. Daktari alikuwa amesema jicho likishapona atapimiwa miwani ya kusomea, asiharakishe. Mwalimu huyu, aliyesubiri tangu siku za chaki, sasa alishindwa kusubiri. Alinisumbua kwa simu Ruiru. Jicho limepona. Jicho limepona sana. Nimwambie daktari jicho limepona.

Miwani ilipopatikana nilimpelekea Theta Ijumaa jioni, nikalala huko. Asubuhi nilikuwa jikoni naweka maji ya chai nikasikia naitwa kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa darasani.

"Njoo! Njoo, njoo, njoo!"

Nilikimbia bila viatu. Alikuwa amesimama kwenye mlimau, miwani puani, neti ameiinua kwa mkono mmoja. Pupa moja, ya viwavi wapya tuliowafunika baadaye, ilikuwa imepasuka. Kipepeo alikuwa ametoka muda mfupi tu uliopita, ananing'inia kwenye ganda lake tupu, mabawa yamelowa na kukunjamana kama nguo iliyotoka kukamuliwa.

"Tazama uso," Mami akasema. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. "Tazama mdomo wake. Huyu ameharibika, masikini. Ana ndimi mbili."

Nikatazama. Ni kweli. Mahali pa mrija mmoja palining'inia nyuzi mbili nyeusi, nyembamba sana, kila mmoja umejipinda kivyake.

"Labda nimemgusa nilipoinua neti," akasema. "Labda nimempasua. Hatakula huyu. Atakufa na njaa."

"Hebu tungoje kidogo, Mami."

Tulingoja, vichwa vyetu vimegusana. Kipepeo alianza kuzikunja zile nyuzi pamoja, akazikunjua, akazikunja tena. Tone dogo linalong'aa likatokea pale zinapoanzia. Akakunja, akakunjua. Na karibu na uso, tukaona nyuzi mbili zimeshikana zikawa kitu kimoja, na kule kushikana kukashuka kidogo kila alipokunja, kukashuka tena, kama mtu anayefunga zipu ya begi lililojaa na inabidi arudi nyuma kidogo kila mara. Kulikuwa na mahali palipokataa. Akakunja kwa nguvu zaidi, akaachia. Pakashika.

"Anaushona," nikasema. "Mami, anaushona mwenyewe!"

Mami hakunisikia. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu hadi ukaniuma. Nyuzi zilishikana hadi ncha. Kipepeo akaunyoosha mrija wake wote, mmoja, mzima, mweusi, kisha akaukunja chini ya uso, mviringo ndani ya mviringo.

Mama yangu alipiga kelele. Sijui niiite nini nyingine. Alipiga vigelegele, vile vitano ambavyo kwetu hupokelewa navyo mtoto mvulana, akaongeza na visivyo na hesabu, akiwa na gauni la kulalia, asubuhi kweupe. Wifi alitoka mbio na mwiko. Kaka yangu alitoka na povu la dawa ya meno mdomoni.

"Sikuwafundisha hivi!" Mami alikuwa anawaambia, anawashika mabega. "Mnasikia? Miaka yote niliwaambia watoto ni mrija. Si mrija! Ni nusu mbili! Anazaliwa na nusu mbili, na asipoziunganisha hanywi! Hakuna kitabu kiliniambia hivyo!"

Sijawahi kumwona mtu akifurahia hivyo kugundua kwamba hakuwa anajua.

Vigelegele vilimleta jirani. Alikuja haraka akidhani ni habari ya harusi, na alipoambiwa ni kipepeo akasimama tu. Mami alimvuta hadi kwenye tawi.

"Tazama hapo. Chini ya jicho. Umeona kale kamduara?"

Jirani aliinama. Akainama zaidi. Akafumba jicho moja.

"Naona kitu cheusi," akasema. "Ni bawa?"

Mami alivua miwani, akamshika rafiki yake kidevu, akaugeuza uso wake uelekee jua, akamchungulia ndani ya macho kama anavyochunguliwa mtoto aliyeingiwa na mchanga.

"Na wewe unao huo utando," akasema.

"Sina."

"Unao. Umekaa hapo ukinitisha, na kumbe umeufuga wako."

"Mwalimu, mimi naona."

"Unaona bawa."

Kaka yangu alirudi ndani ili asionekane akicheka. Jirani alibisha hadi chai ilipoletwa, akabisha akinywa chai. Lakini haikupita muda mrefu, Mami mwenyewe ndiye aliyempeleka Thika, akamsubiri kwenye lile benchi nililokalia mimi, na nilisikia kwamba alimweleza muuguzi yule mchangamfu namna ya kuongea na watu wanaoogopa. Yule mama sasa anaona. Hazungumzii tena habari za mtu wa kwao.

Kipepeo wetu alikausha mabawa mpaka jua likapanda. Mami hakukubali kuondoka kwenda kubadilisha nguo. Kipepeo alipaa kabla ya mchana, akapita juu ya paa la jiko, akarudi, akashuka kwenye lantana, na Mami akamfuata akiwa ameshika pindo la gauni lake. Alisimama karibu naye, miwani puani, pumzi ameibana. Mrija ukakunjuka. Ukaingia kwenye ua la kwanza. Ukatoka, ukaingia la pili. Alikunywa ua baada ya ua, mabawa yakipepea, na mama yangu alisimama pale akamtazama mpaka akashiba.

Jicho la pili lilitengenezwa baadaye, na kwa hilo hatukumbembeleza. Alijipeleka.

Halafu juzi nilikuwa dukani Ruiru, nimeinamia cherehani, kitambaa cha mteja kimenijaa mapajani, nikasikia hodi mlangoni. Niliinua kichwa. Mami alikuwa amesimama kizingitini na kikapu cha ndizi, kitambaa kichwani, viatu vimepigwa rangi.

Nilisimama, nikachungulia nyuma yake barabarani.

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja na mimi."

Tangu macho yalipoanza kuharibika hakuwa amefika kwangu bila kushikwa mkono. Aliniambia amesoma vibao vyote vya barabarani tangu alipotoka nyumbani, vya maduka, vya makanisa, vya wauza ploti, na kimoja kilikuwa kimeandikwa vibaya akamwambia mwenyewe akirekebishe. Alitaka chai. Nilifunga duka, nikampeleka nyumbani, nikamkalisha sebuleni kama mgeni wa heshima, nikaenda chumbani kubadilisha nguo.

Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa jikoni. Alikuwa ameshusha sufuria zangu zote kutoka kwenye rafu, amezipanga chini kwa mstari, anazigeuza moja moja kutazama matako yake yaliyojaa masizi.

"Maitu," akasema bila kuniangalia, "hivi ndivyo umekuwa ukiishi?"

"Mami, keti. Umechoka."

"Nani amechoka? Niletee waya ya kusugulia na hiyo sabuni ya unga. Na ufungue hilo dirisha, nione vizuri."

Alikunja mikono ya sweta. Nilifungua dirisha. Aliichukua sufuria kubwa kuliko zote, akaianza, huku akiimba kwa sauti ya juu wimbo wa kanisani, na jikoni kukajaa mwanga na kelele za chuma.